Umemtumia Wakala Muswada, Kimya. Ufanyeje?

Swali linaloulizwa sana na waandishi wa Nairobi ni hili: nimemtumia wakala wa London, yaani mtu anayemtafutia mwandishi mchapishaji, sura tatu, mwezi umekwisha, nimkumbushe? Bado. Mawakala wengi wa Uingereza na Marekani hujipa wiki 6 hadi 12, na muda huo wameuandika kwenye maelekezo yao ya kupokea kazi. Yasome kabla ya kutuma. Wapo wanaomjibu kila mtu, na wapo wanaosema wazi kwamba muda ukipita bila jibu, wamekataa. Hao wa pili usiwaandikie tena. Inaniuma kuona mtu mwenye kipaji akikaa nusu mwaka akingoja barua ambayo aliambiwa mapema haitakuja.

Wakala hulipwa kamisheni, kwa kawaida asilimia 15 ya mapato ya mwandishi, kwa hiyo mchana wake ni wa waandishi alio nao tayari. Kazi za waandishi wasio wake huzisoma jioni na wikendi. Agosti wengi wako likizoni, na Oktoba wanashughulikia maonyesho ya vitabu ya Frankfurt. Anayekudai ada ya kusoma muswada, achana naye siku hiyo hiyo.

Andaa jedwali: jina la wakala, tarehe, ulichotuma (kurasa 10, sura 3 au riwaya nzima), muda alioutaja, jibu. Kisha tuma kwa mawakala 5 hadi 8 kwa mkupuo, si 40. Barua yenye kasoro ikiwafikia wote 40, umewamaliza, maana wengi hawapokei tena kazi waliyoikataa isipokuwa imeandikwa upya kabisa. Kundi dogo linakuonyesha tatizo liko wapi. Wote wakikataa bila kuomba riwaya nzima, rekebisha barua, muhtasari na kurasa za kwanza. Wakiiomba nzima kisha wakaikataa, mwanzo wako ni mzuri. Tafuta hadithi inapolegea, na mara nyingi ni katikati.

Muda ukipita, ongeza wiki moja, kagua folda ya barua taka, kisha andika kwenye baruapepe ile ile ya awali, usianzishe mpya. Mistari miwili inatosha: "Tarehe 3 Machi nilikutumia sura tatu za riwaya yangu ya maneno 85,000. Naomba kujua kama bado unaifikiria." Usimfuate Instagram, wala usimtumie toleo jipya ulilolirekebisha wiki hii. Wakala mwingine akikukubali, waarifu waliobaki mara moja na uwape wiki mbili.

Kama riwaya yako ni ya Kiswahili, huhitaji wakala. Wachapishaji wa hapa Nairobi hupokea kazi kutoka kwa mwandishi mwenyewe. Ila subira yake ni ndefu, miezi 6 si ajabu. Muswada hupelekwa kwa msomaji wa nje ya kampuni anayeutathmini, mwenye shughuli zake, na KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, ikitangaza kupokea vitabu vya kiada, wahariri huhamia huko na riwaya huwekwa kando. Hapa simu haina ubaya. Uliza jina la mhariri aliye na muswada wako, kisha umuulize yeye kama umeshakwenda kwa msomaji. Akisema bado, aseme utakwenda lini, na wiki hiyo mpigie.