Ajali ya helikopta ya mafunzo: mfanye nini mkisubiri ripoti

Pole sana, dada. Mola amrehemu mdogo wako. Umeuliza kama ripoti ya wachunguzi itawatosha kumdai mwenye chuo, na mfanye nini hapo Malindi mkisubiri.

Uchunguzi huo hautafuti wa kulaumiwa. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinasema waziwazi kuwa lengo ni kuzuia ajali nyingine. Madai ni kazi ya wakili, tena mwoneni mapema. Ripoti ya awali hutarajiwa ndani ya siku 30, na ya mwisho hulengwa ndani ya miezi 12.

Kinachosema zaidi ni vyuma. Helikopta nyingi ndogo za mafunzo hazina kisanduku cheusi, hivyo wachunguzi husoma mabaki. Pangaboi lililogonga likizunguka kwa kasi huacha alama tofauti na lililokuwa limelegea. Hata taa ndogo ya onyo hutoa ushahidi: waya wake mwembamba ukikutwa umevutika, huenda ilikuwa inawaka wakati wa kugonga.

Kwa hiyo mvuvi au mtoto akiwa ameokota hata kipande pale ufukweni, kikabidhiwe bila kuoshwa. Video za majirani zibaki kwenye simu zilizozirekodi. Zikitumwa WhatsApp hupungua ubora, na sauti ya injini ni muhimu mno. Daftari la mdogo wako la saa za kuruka lipigeni picha kila ukurasa kabla ya kulitoa. Simu yake msiifute.

Na mama, tafadhali, asionyeshwe picha za mabaki.