Wabeba boksi wa Tendaguru

Picha moja tu imeniponza. Nilijipiga nimesimama chini ya mjusi wa Tendaguru, ile mifupa ya dinosaria iliyochimbwa kwetu Lindi, pale makumbusho ya viumbe Berlin, daftari la kuchorea kwapani, nikaitupia kwenye kundi letu la wachoraji wa Temeke bila neno. Naamka jioni nakuta stori imeshapikwa ikaiva. "Mwamba katoboa." "Wajerumani wamempa kazi ya kuwachorea makumbusho." Mmoja, tena nimekua naye, kaandika kwamba nina studio ya vioo na nahesabiwa euro kila nikichonga penseli. Halafu kwa pembeni ukaja ujumbe wa kijana mmoja, adabu zote: "Shikamoo kaka. Nifanyie mpango na mimi nije, huku kipaji kinaniozea mkononi."

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu mbele ya wote, maana najua nyuma yako wapo kumi walioogopa kuuliza.

Siku ile nilikata tiketi kama mtalii yeyote. Nilikuwa nimetoka shifti ya usiku, ndiyo maana macho mekundu. Siyo "hali ya hewa ya Ulaya" kama alivyodai shemeji. Nabeba boksi. Wengine mnautumia kama msemo wa kututania sisi wa majuu, kwangu mimi ndiyo kazi yenyewe. Naingia ghalani saa nne usiku, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Vifurushi vinakuja kwenye mkanda, unavinyanyua, unavipanga ndani ya lori kama matofali. Kizito kabisa kina kilo 31 na nusu. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa, na hapa naona mmeshatoa simu mnazidisha kwa shilingi. Zidisheni na chumba basi, euro 520, jiko tunachangia watatu. Zidisheni na ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kila mwezi kwa kila nyumba, hata kama hamna televisheni humo ndani. Mama mpaka leo anajua nipo "kwenye mambo ya karatasi". Sikumdanganya, boksi ni karatasi. Atakayemfikishia habari hizi amfikishie taratibu.

Makaratasi ya kuishi siyaelezi, kila mtu ana binamu aliyeshamsimulia. Baridi vilevile. Kinachoniuma mimi ni mkono.

Ukishanyanyua mizigo usiku kucha vidole vinagoma kujikunja. Unashika burashi nyembamba, unataka mstari wa kope, unatoka mstari mnene kama kamba ya kuanikia nguo. Mwaka wangu wa pili kifundo cha mkono wa kulia kilivimba, daktari akasema ni kano, wiki sita nisiguse mzigo wala kalamu. Mshahara wa ugonjwa nililipwa na daktari hakunitoza senti, hapo siwasingizii. Lakini wiki ya kwanza ile nililia kama mtoto. Niliacha nyumbani kila kitu kwa ajili ya mkono huu, halafu nikaja kuupangisha kwa saa.

Nikaanza kuchora kwa kushoto. Ilitoka michoro mibaya, lakini mkono wa kushoto haujui ujanja. Ndipo nilipoona nilivyokuwa naficha udhaifu wangu miaka yote. Nyie mnajua tulikotoka. Mimi nilijifunza kwa kumnakili Ndumilakuwili, yule wa katuni, kwenye magazeti ya Sani yaliyochakaa pale kinyozi, mpaka nikawa namchora nimefumba macho. Baadaye nikaingia kwenye Tingatinga, nikajaza twiga na ndege kwa ajili ya watalii. Marehemu Edward Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 na rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na kwa ubunifu ule naminya mguu napiga saluti mpaka kesho. Ila ndani ya Tingatinga mnyama anaelea. Hana kivuli, hana ardhi, hana kilo. Mtu wangu wa gunia alionekana kabeba puto, na hakuna aliyenikosoa, kwa sababu picha zilikuwa zinauzika.

Uzito nimekuja kujifunza kwenye treni. Kuna S41 inayouzunguka mji kama mshale wa saa, vituo 27, dakika 60 umerudi ulipoanzia. Mwenzake S42 anazunguka kinyume. Baridi ikikaza najitia humo na tiketi yangu ya mwezi, kuna joto, na madirisha makubwa. Ndiyo hiyo studio ya vioo mliyosikia. Kituo hadi kituo, mtu mmoja. Dakika mbili na kidogo, hakuna kufuta. Uso simchori. Nachora bega lililoshuka upande wa mkoba, goti la mtu aliyechoka, shingo ya mama aliyebeba mtoto anayesinzia. Daftari la kwanza lote lilikuwa takataka. La saba likaanza kunitazama.

Ghalani kwetu simu na kalamu zinabaki kabatini. Usiku mmoja wa mapumziko nikagundua kwamba lebo zilizoharibika, zile zinazotupwa, ni karatasi kama ya risiti: ukiipitisha ukucha kwa nguvu, joto la msuguano linaacha mstari mweusi. Basi nikaanza kuwachora wenzangu kwa ukucha. Mghana mmoja mwenye mgongo kama mlango. Msiria anayenyanyua kwa nyonga, hajawahi kuumia hata siku moja. Mama wa Kibulgaria anayebusu kila boksi la mwisho la lori. Nina lebo zaidi ya 200 kwenye boksi la viatu, na zinafifia, kama risiti za dukani zinavyofifia. Za mwanzo zimebaki kijivu tu. Kwa hiyo Jumapili, badala ya kulala, nazinakili kwa wino kabla hazijatoweka. Hakuna anayenilipa kwa hilo.

Sasa yule mjusi. Kimo chake mita 13.27, na kaingia Berlin bila viza. Kati ya 1909 na 1913 wazee wetu wa Lindi walimchimba yeye na wenzake pale Tendaguru, machungu ya Maji Maji yakiwa bado mabichi, kisha wakaibeba mifupa kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku nne mpaka bandarini Lindi. Zaidi ya tani 200. Wanasayansi wenyewe, Janensch na Hennig, utawakuta kwenye kila kitabu. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, naye jina lake limesalia, na mwaka 2007 aina mojawapo ya mijusi ile ikaitwa kwa jina lake. Waliobaki, mamia kwa mamia, kwenye picha za msafara ni mstari wa vichwa na mizigo. Bibi yangu mzaa mama ni wa Lindi vijijini. Niliposimama pale mara ya kwanza, wenzangu wote shingo juu wanamtazama kichwa, mimi nilikuwa natazama pingili za mgongo na kujiuliza hii moja ilikuwa mizigo mingapi. (Habari ya kumrudisha nyumbani nawaachia wabunge.)

Hapo ndipo mradi wangu ulipozaliwa: picha 40 za njia ile, kutoka kilimani hadi pwani, zote za wabebaji. Nimemaliza 11. Migongo naitoa kwenye lebo zangu. Mghana wangu ndiye anayeongoza safu kwenye picha ya tatu. Msiria yupo ya sita, anavuka mto. Wenyewe wanajua, wanadai asilimia.

Aliyenipa moyo ni marehemu mama mmoja mchoraji wa mji huu, Käthe Kollwitz. Aliishi hapa zaidi ya miaka 50, mumewe alikuwa daktari kwenye mtaa wa makabwela, na wanawake waliokuja kutibiwa ndio aliowachora. Berlin kuna hazina ya michoro ya karatasi, Kupferstichkabinett, yenye chumba ambacho unaonyesha kitambulisho, unaomba, na wanakuletea mchoro halisi mpaka mezani. Ruksa ni penseli tu. Nilitoa kile kibali changu cha kuishi, kadi ambayo nimeshaipigia foleni nikaapa sitaipenda, na bibi wa mapokezi akaitazama sekunde mbili akanitengea kiti. Nikakaa na Kollwitz saa tatu nzima. Mikono anayochora ni mikubwa kupita kiasi, mingine karibu inaufunika uso mzima. Nilirudi nyumbani nikafuta mikono ya wabebaji wangu wote nikaichora upya.

Kuhusu kazi za kulipwa, ili usiseme nakuficha. Nimepata moja ya maana, kitabu cha watoto. Hadithi yenyewe ni ya mtoto anayeogopa lifti, hapahapa Berlin. Nikapeleka rasimu, nikajibiwa ni nzuri, ila kwa kuwa natoka Afrika, je, siwezi kuongeza twiga? Kwenye lifti! Mdogo wangu, mimi ni mtoto wa Temeke. Twiga wa kwanza kumwona kwa macho yangu nimemwonea bustani ya wanyama ya Berlin, na nililipa kiingilio. Nikamchora. Kodi ya chumba ilikuwa inadaiwa.

Kwa hiyo usije. Pale Kariakoo, kuanzia alfajiri, kuna wabeba mizigo ambao Kollwitz angewalilia, nawe unawapita ukiwa kwenye daladala umeinamia simu unaangalia Wakorea wanavyochora. Gado, mchora katuni, alitoka Dar mwaka 1992 akaenda Nairobi tu, hapo jirani, na dunia ikamfuata hukohuko. Shuka kwenye daladala. Chora watu 20 kila siku kwa mwezi mmoja, ndipo tuzungumze habari ya kipaji kinachooza.

Ila nikisema usije halafu nikanyamaza nitakuwa mnafiki. Mimi nimeuona uzito nilipoondoka. Yule mtu wangu wa puto ningeendelea kumuuza mpaka nazeeka. Na hakuna mahali Dar ambapo ningekaa saa tatu na ule mchoro mezani. Basi njoo, lakini siyo kwa mpango wa kaka. Njoo kwa shule. Anza Kijerumani sasa hivi, Goethe-Institut ipo Dar, usije kujifunzia lugha kwenye mkanda wa vifurushi kama mimi, utaishia kujua "haraka" na "siyo hapo". Na usikubali mtu akufundishe kujilipua, yaani kuomba ukimbizi, na stori ya vita ambayo hukuipigana. Utakuja kuikariri maisha yako yote.

Tena nasikia kuna wanaosema boksi limenisaidia, limenifundisha kuchora mgongo. Msiniletee. Mgongo ningejifunza hata kwa kumtazama mwingine akibeba. Kifundo changu bado kinaniuma mvua ikikaribia, kama kizee.

Wale wa "bro niwezeshe tableti": ninayo moja, ya mtumba, ina ufa kutoka kona hadi kona. Kanunueni penseli. Hela ya mwezi huu imeshakwenda kwenye bati za nyumba ya mama, na bado natumiwa picha za dari.

Na wewe uliyeniamkia vizuri, nina shida na wewe. Picha ya 12 imenikwamisha. Ni mzee anasuka ngata kabla hajajitwika mfupa, na nimegundua nimesahau kabisa inavyozungushwa. Bibi alikuwa akiifanya nyuma ya mgongo wangu huku ananisimulia, sikuwahi kutazama vidole. Niliuliza huku, hakuna anayejua, Mghana ana mtindo wao mwingine. Nenda sokoni, mtafute mama yeyote anayebeba kichwani, mwombe aisuke polepole, kwa kanga na kwa majani pia akiweza. Nichukulie video ya mikono, uso usioneshe. Mpe elfu tano, nitakurudishia Ijumaa.

Viza jibu ni lilelile. Pasipoti lakini ishughulikie.