Hisa zikishuka, kuna mtu wa kuuliza?

Swali lenu la wiki hii: "Mtu afanye nini kila siku ili maisha yakimgeuka asivunjike?" Jibu langu ni kwamba awe na watu wanaoijua hali yake halisi kabla mambo hayajaharibika, na awe na siku maalumu ya kukutana nao hata kama hana shida yoyote. Sala, usingizi, akiba na mazoezi nayaheshimu, lakini nimeona vinadumu zaidi kwa mtu mwenye watu.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Kazi hii ina misimu. Desemba na Januari hatulali, katikati ya mwaka panachangamka kidogo, miezi iliyobaki ni zipu, viraka na kupunguza suruali. Tarehe 17 Machi 2020 shule zilifungwa nchi nzima kwa sababu ya korona. Tuliambiwa ni siku 30, kisha zikaongezwa. Vyuo na kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, wengine wote tarehe 29 Juni. Mimi nilikuwa na majora ya kitambaa niliyochukua kwa mali kauli, kodi ya fremu inanisubiri, na mama yangu anahitaji dawa za presha kila mwezi.

Kilichoniokoa ni kikoba chetu, na naomba nieleze vizuri kwa sababu wengi wanadhani kikoba ni pesa tu. Tuko wanawake wa mtaa mmoja: mama lishe, wauza mboga, mwalimu wa chekechea, mimi na wengine. Tunakutana Jumamosi jioni. Kila mmoja ananunua hisa, yaani mafungu ya akiba, kuanzia moja hadi tano, na zinagongwa mihuri kwenye kitabu chake mbele ya wote. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa zako. Pembeni upo mfuko wa jamii, ambao kila mtu anauchangia kiasi kilekile, kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Ukichelewa unalipa faini. Mwaka ukiisha tunavunja, tunagawana, tunaanza upya. Mtindo wa namna hii ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE, na hapa Tanzania Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi vya aina hii.

Sasa angalieni utaratibu huo unafanya nini zaidi ya kutunza fedha. Mwanamke aliyezoea kununua hisa tano akinunua moja Jumamosi hii, na ijayo tena moja, kila mtu ameona. Hana haja ya kutangaza, wala ya kutafuta ujasiri wa kuanza kusema "jamani, nimekwama". Kitabu kimeshamsemea. Kwa watu wazima waliolelewa kuficha shida zao, hili ni jambo kubwa sana. Wengi wetu huchelewa kuomba msaada kwa aibu tu ya kutamka sentensi ya kwanza.

Basi hisa zangu zikashuka, na mwenyekiti wetu, mama mtu mzima anayeuza dagaa, akaja fremuni kwangu. Hakuniambia nijikaze. Alivuta kigoda akaniuliza, "Mwanangu, unayo mangapi?" Nikamhesabia yote, pamoja na usingizi uliokuwa umenikimbia. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya yote hatuyawezi leo. Lipi likipungua kidogo utapumua?" Nikasema deni la vitambaa. Kesho yake tukaenda wote kwa mwenye duka. Majora ambayo sikuwa nimeyakata akayapokea, yaliyobaki tukakubaliana nilipe kidogo kidogo. Vipande nilivyokuwa navyo nikavishonea barakoa, kama mafundi wengi walivyofanya miezi ile. Kodi ya fremu bado ilinisumbua, lakini usiku ule nililala.

Baadaye nilikuja kujua kwamba kule Harare, Zimbabwe, wapo mabibi wanaofanya kazi inayofanana sana na aliyoifanya mama yule. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 katika kitongoji cha Mbare na mabibi 14, akawafundisha kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Bibi anamwacha mtu aseme yote, wanachagua tatizo moja, wanatafuta hatua moja inayowezekana, kisha mtu anarudi kueleza ilikuwaje. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa na mabibi walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wazo hilo limefika hadi Zanzibar. Nilifurahi sana kulisikia, kwa sababu linathibitisha kwamba kuulizwa "tuanze na lipi?" ni msaada wa kweli na si maneno ya kufarijiana tu.

Ndiyo maana sipendi tunavyowasifu wanaojikaza. Mwanamke anafiwa, kesho yake yuko gengeni, tunasema huyo ni jasiri. Nani amemuuliza anakula nini? Wanaume nawahurumia zaidi. Kijiweni watazungumza mpira mpaka magharibi, na hakuna anayejua kwamba mwenzao anadaiwa na watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kali. Vijana wa bodaboda wamewazidi wengi hapa: kwenye vijiwe vyao vingi wanachangiana mmoja akipata ajali.

Vikundi navyo vina madhara yake. Wapo wanaokopa kikoba hiki kulipa kile mpaka wanauza vitu vya ndani. Na yapo mambo ambayo Jumamosi jioni hayatoshi. Mtu asiyelala wala kula wiki baada ya wiki, au anayesema afadhali afe, apelekwe hospitali, na hospitali za rufaa za mikoa zinatoa huduma ya afya ya akili. Asikae akisubiri kikao.

Kwa msomaji aliyehamia mji mgeni na hana mtu: ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, yeye anavijua vikundi vya eneo lake. Kabla hujanunua hata hisa moja, omba kuhudhuria kikao ukiwa mgeni. Uliza katiba iko wapi, nani anashika funguo, mfuko wa jamii unalipia nini. Halafu subiri mahudhurio yaitwe. Likisomwa jina la asiyekuwepo, wakaandika faini na kuendelea bila hata mmoja kuuliza mwenzao yuko wapi, aga kwa heshima ukatafute kikundi kingine.

Fundi cherehani, Morogoro