Kufika Lusaka na IST

Swali lenu la wiki: "Ulipohamia nchi nyingine, ni siku gani ulihisi kweli umefika?" Mimi nilihama Dar es Salaam kwenda Lusaka Juni 2024, nikiendesha mwenyewe, peke yangu, kwenye Toyota IST iliyojaa masufuria na mablanketi mpaka kiti cha mbele. Niliingia mjini siku ya nne jioni. Siku hiyo siihesabu.

Mama alitaka nipande ndege. Mjomba, aliyewahi kuwa utingo wa malori ya Zambia, akaliangalia gari akacheka: "Hiki ni cha kwendea Kariakoo." Mjomba, kama unasoma, halikuchemsha hata kwenye mlima wa Kitonga. Nililala Iringa, nikapita misitu ya Mafinga asubuhi na ukungu wake, na Tunduma nikafika giza likiingia. Mikumi pale barabara inakatiza hifadhi kwa kilomita 50, nilitambaa kama nabeba mayai. Faini za kugonga wanyama zimeandikwa kwa dola, nami nilikuwa na dola za kodi ya nyumba tu.

Tunduma ndiyo iliyonifundisha jambo. Foleni ya malori ilianza mbali kabla ya mpaka: mengine yanapeleka mafuta, mengine yanarudi na shaba ya Zambia na Kongo. Vishoka, wale mawakala wasio rasmi, walinizunguka kabla sijazima injini. Kumbe ofisi za nchi zote mbili ziko pamoja tangu 2019, na mwenye karatasi zake anajipeleka dirishani mwenyewe. Nilikuwa nazo: kadi ya njano (bima ya gari ya kuvukia mpaka), kibali cha kuingiza gari kwa muda (ushuru wake baadaye ni kisa kingine, kinataka jarida zima), na stika za kuakisi mwanga, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, ambazo askari wa Zambia huzitazama kabla hajakusalimia. Ukivuka saa nne asubuhi, upande wa pili ni saa tatu. Saa ya gari sikuigusa. Nilijiambia nitairekebisha nikifika.

Nakonde watu bado wanaongea Kiswahili. Nilinunua maji, nikajibiwa "karibu tena", nikasema mbona uhamiaji wenyewe rahisi. Isoka, Kiswahili kikapungua. Chinsali, muuza viazi alinisalimu kwa Kibemba, nikabaki natabasamu kama mtoto. Mpika nilikolala, sikuzungumza na mtu zaidi ya kulipia chumba. Kesho yake, mashimo ya kuelekea Serenje yalinikomesha kufikiri, nikashukuru. Kapiri Mposhi, inapoishia reli ya TAZARA, nilisimama kunywa chai nikasikia nyuma yangu, "Dada, hiyo namba ya nyumbani!" Madereva watatu wa malori. Tulikaa nusu saa tukisema mambo ya bure kabisa: bei ya vitunguu Ruaha Mbuyuni, matokeo ya Simba. Nilipoondoka nililia mpaka karibu na Kabwe. Njia yenyewe haikuwa imenichosha kiasi hicho.

Lusaka ilikuwa na baridi ambayo hakuna aliyenionya, na mgao wa umeme. Mvua zilikuwa zimeshindwa, Ziwa Kariba limeshuka, siku nyingine umeme hatukuuona kabisa. Jirani yangu, mama mmoja wa makamo, alinikopesha jiko la mkaa. Wao wanaliita mbaula. Kinyanja, lugha yao ya mtaani, kina nyama, nyumba na moto kama kwetu, kwa hiyo nilijiona mjuaji. Siku moja akanionyesha mwanawe akasema, "Mwana wanga akonda kapenta." Kapenta ni dagaa, hilo nililijua. Basi nikampa pole. Nikamshauri kwa Kiingereza ampeleke kliniki, na ampunguzie dagaa kama ndio wanaomkondesha. Alinitazama muda mrefu. Kukonda kwao ni kupenda. Mtoto alikuwa mnene kama pipa.

Kisa hicho kilizunguka mtaa mzima, na tangu siku hiyo mlango wangu haukukosa mtu wa kunigongea ili anisikie nikikosea tena. Nikajifunza kupiga makofi kidogo ninaposalimia wakubwa, nikajifunza kwamba ukisema "bwino" (yaani "nzuri") kwa haraka mtu anajua wewe ni mgeni, na kwamba nshima yao haina kosa lolote isipokuwa si ugali wa mama.

Saa ya gari ilibaki na saa za Dar. Nilikuwa napunguza moja kichwani kila nikiingia kazini, na usiku nikijua mama analala saa ngapi bila kuhesabu.

Novemba betri ikafa. Fundi alipofunga mpya, saa ikarudi kwenye 1:00 ikisubiri niirekebishe. Nikaangalia simu, nikaweka saa ya gari sawa nayo, nikamlipa fundi, nikaenda sokoni. Baada ya siku tatu hivi nilikuwa kwenye taa za barabarani nilipotaka kupunguza moja, nikaona hesabu haikubali. Gari la nyuma likapiga honi. Taa ilikuwa imeshawaka kijani.