Kwa mnaoanza kazi ya kung'oa mathenge kando ya Mto Tana

Mwezi wa kwanza hapa Bura, Kenya, mtatamani kushika panga. Nawaelewa. Mathenge, mti wa miba uletwao kutoka nje (Prosopis juliflora), imeziba ukingo wa mto hadi huoni maji, na mkono unawasha. Nasi tulianza hivyo. Kiangazi kimoja tulifyeka kipande kizima tukakiacha cheupe, tukaenda nyumbani tumefurahi. Mvua zilipokuja, kila kisiki kilitoa machipukizi mengi, na kichaka kikawa kizito kuliko kile tulichokikuta.

Mathenge haifi kwa kukatwa juu. Huchipua pale shina linapokutana na ardhi na chini yake kidogo. Kwa hiyo chimbeni kuzunguka kisiki, kama futi moja hivi, mkate mzizi chini ya hapo. Vaeni buti zenye soli nene, maana mwiba wake unapenya ndala kama karatasi na jeraha huvimba vibaya.

Lakini kisiki si kazi yenu kubwa. Kazi ni mbegu. Mti huu haukuja wenyewe: uliletwa hapa Bura mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili wakulima wa mradi wa umwagiliaji wapate kuni. Kilichoutoa kwenye mashamba yale hadi kwenye delta, pale mto unapokaribia bahari, ni tumbo la mifugo na maji ya mafuriko. Maganda yakiiva ni ya manjano na matamu, ng'ombe na mbuzi huyapenda. Mbegu ni ngumu, hupita tumboni salama na kutoka kwenye kinyesi, ikiwa na mbolea yake tayari. Utamu huohuo huharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wafugaji Wailchamus wa Baringo, ambako pia mti huu umeenea, walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani kuonyesha madhara ya mti huu.

Basi msianze na kichaka kikubwa. Anzeni na malka, zile njia za mifugo kushukia mtoni, kwa sababu kinyesi huanguka humo kila siku. Mvua zikishanyesha, zipiteni zote, kisha kingo za mifereji, kisha mashamba yaliyowekwa samadi ya boma. Mche wa kimo cha kidole hung'oka kwa mkono udongo ukiwa bado na unyevu. Ukiuacha misimu miwili, mtaurudia na sururu. Mara nyingi nimeona kikundi kikihangaika wiki nzima na miti kumi mikubwa huku nyuma yao malka ikijaa miche. Inaniuma kila nikiona, maana malka ikifunga, ng'ombe wa Waorma watapitishwa kwenye mashamba ya Wapokomo, na hapo huzuka ugomvi usiohusu mti tena.

Ifahamuni miche kabla ya kung'oa. Vijana wengi wamemaliza migunga michanga, miti ya asili ya hapa, wakidhani ni mathenge, na migunga ndiyo tunayotaka ishike nafasi ile. Mkiwa na shaka, muulizeni mchungaji yeyote, hata mtoto.

Na wazee wa malka muwaendee kwa salamu kwanza, wala msiende na maagizo. Wakati wa ukame maganda ni chakula cha mifugo. Huwezi kumwambia mzee ayaache huku ng'ombe wake wanaanguka. Mwambieni yaokotwe yasagwe, kwa kuwa mashine ikisaga vizuri huvunja mbegu, na unga wake ni chakula kizuri ukichanganywa na majani mengine. Wachoma makaa nao wana hesabu yao: kisiki kikichipua ni mavuno ya kesho. Elewaneni mapema ni wapi mtang'oa kabisa na wapi wao watavuna, na sehemu ya kung'oa iwe karibu na malka.

Fanyeni mazungumzo hayo kabla maganda hayajaanza kuanguka. Yakishaanguka, mifugo haisubiri kikao.