Wanacheka Nini Hasa?

SWALI: Shikamoo dada. Nasoma chuo hapa Morogoro. Juzi bwenini tulitazama Bamboozled, filamu ya Spike Lee ya mwaka 2000. Mwandishi Mweusi wa televisheni anabuni kipindi cha Weusi waliojipaka masizi usoni, kama Wazungu wa Marekani walivyofanya zamani kuwadhihaki Weusi, akitumaini kufukuzwa kazi, kumbe kipindi kinapendwa nchi nzima. Wenzangu walicheka mno wale jamaa wanapocheza. Mimi niliona aibu. Je, filamu zinazokejeli ubaguzi wa rangi hufikisha ujumbe kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hufikisha mara chache, nami nasema hivyo nikiwa mpenzi mkubwa wa filamu hizi.

Kicheko peke yake hakikuambii mtu yuko upande gani. Mwaka 1971 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha All in the Family, ambamo mzee mbaguzi, Archie Bunker, aliumbwa ili achekwe. Watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach waliwahoji watazamaji wa Marekani na Kanada, wakachapisha matokeo mwaka 1974. Wenye chuki za kibaguzi walimpenda Archie na kuona ndiye msema kweli. Walicheka kama wengine, ila hawakumcheka yeye.

Dave Chappelle, mchekeshaji Mweusi wa Marekani, naye yalimkuta. Alikuwa amepakwa weusi usoni kwa ajili ya igizo la kipindi chake cha televisheni, na Mzungu mmoja pale studio alicheka kwa namna iliyomchoma. Mwaka 2005 aliacha kipindi na mkataba wa mamilioni ya dola, akaenda Afrika Kusini. Namheshimu sana kwa hilo.

Spike Lee alilijua tatizo hili, ndiyo maana mwishoni anatumwagia vipande halisi vya filamu na katuni za zamani za Marekani: Wazungu waliojipaka weusi, Weusi waliofanywa vikaragosi. Hapo hakuna tena utani wa kujificha nyuma yake. Je, wenzako walikuwa bado wanacheka?

Iliyofaulu kuliko zote, kwangu mimi, ni Get Out ya Jordan Peele (2017). Chris, mpiga picha Mweusi, anapelekwa kwa wazazi wa mpenzi wake Mzungu. Baba mtu anajigamba kwamba angempigia Obama kura hata mara ya tatu. Tunacheka, lakini tumekaa upande wa Chris tangu mwanzo. Kisha, karibu na mwisho, Chris ameponea chupuchupu mikononi mwa familia hiyo, ana damu mwilini, mwanamke Mzungu amelala barabarani amejeruhiwa, na taa za gari zinaanza kumulika kama za polisi. Moyo unakupasuka. Hata mtu ambaye hajawahi kuogopa polisi maishani anajua, bila kuelezwa, kijana huyu kaisha. Huko ndiko kufika kwa ujumbe: mtazamaji ameuhisi mwilini kabla hajaufikiri.

Gari lile ni la rafiki yake wa usalama wa uwanja wa ndege. Peele alikuwa amepiga pia mwisho mwingine, ambamo wanashuka polisi kweli na Chris anaishia gerezani. Utafute huo nao, uutazame na wenzako walewale.