Kabla hujaitupa hesabu, rudi darasa la tano kwanza

Kuna binti wa form three kanitumia meseji WhatsApp, namba kapewa na dada yake ambaye tunaimba naye kwaya. Kaandika, kaka shikamoo, mimi hesabu nimeamua kuachana nayo, mwalimu wa taaluma katuambia sisi wa F tusipoteze muda tukomae na masomo saba tu, sasa naomba ushauri nikazane na yapi. Nikaisoma nikaweka simu pembeni, baadaye nikairudia, nikashangaa nimepandwa na hasira ambazo nilidhani ziliisha kitambo. Mdogo wangu, jibu lako ndo hili, na naliweka hapa kwa sababu najua mko wengi mnaotaka kufika mbali na mmeshaambiwa njia imefungwa.

Kwa wasiojua mchezo unavyochezwa, division ya form four, yaani daraja la matokeo, inapigwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, yale mengine mabovu yanabaki kwenye cheti lakini pointi zake hazihesabiki. Kwa hiyo shule inayotaka kupunguza zero, yaani waliofeli kabisa, njia rahisi ni kuwaambia watoto wa nyuma waachane na hesabu, wakariri civics na historia, mkuu wa shule anapeleka takwimu nzuri halmashauri na kila mtu anapiga makofi. Kila mtu isipokuwa wewe, kwa sababu ukitoka hapo hesabu inakusubiri mlangoni. Form five, PCM (fizikia, kemia, hesabu) na EGM (uchumi, jiografia, hesabu) ndo basi. Ukienda PCB au CBG, zile zenye biolojia, unakutana na BAM, nayo ni hesabu. Vyuo vya afya vinaandika kwenye sifa zao kwamba ufaulu wa hesabu na kiingereza ni sifa ya ziada, na mkishakuwa wengi mnagombania nafasi chache hiyo ya ziada ndo inaamua nani anaingia na nani anarudi kijijini. Mwalimu wa taaluma hatakuwepo siku hiyo.

Na hili sio tatizo la mtoto mmoja mzembe. Mtihani wa form four wa 2022 waliofaulu Basic Mathematics Tanzania nzima walikuwa kama asilimia 20, mwaka 2023 ikapanda kidogo kama 25, tukashangilia. Kumbuka kufaulu kwenyewe kunaanzia alama 30, hiyo ni D. Yaani karibu watoto watatu kati ya wanne hawafikishi 30 kwenye mia. Basi likipinduka abiria watatu kati ya wanne wakaumia hatusemi abiria hawajui kukaa kwenye siti, ila kwenye hesabu ndo tunavyosema kila mwaka, watoto hawapendi hesabu, watoto wavivu, watoto wa siku hizi simu.

Mimi nimesoma shule ya kata, Morogoro vijijini huko, siitaji jina. Darasa la saba nilimaliza 2013, enzi zile mtihani wote ni kusiliba, hata hesabu unachagua A mpaka E unapaka penseli, njia hamna anayeiangalia. Nikafaulu. Nikajiona kichwa. Kufika form one hesabu ile ile imebadilishwa lugha, MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) imekuwa BODMAS, KDS (kigawe kidogo cha shirika) imekuwa LCM, namba shufwa na witiri zimekuwa even na odd, na hakuna mtu anayesimama kukwambia kwamba hiki ndo kile kile ulichokisoma msingi. Unadhani ni kitu kipya kabisa. Mwalimu wa hesabu alikuwa mmoja kwa shule nzima, vipindi vingine haji, anampa monita daftari lake anatuandikia ubaoni sisi tunakopi, daftari lenyewe kurasa zimekuwa za njano. Akija anafanya mfano mmoja, anageuka, "mmeelewa?", tunajibu ndiyooo, anaenda topiki inayofuata kwa sababu silabasi lazima iishe. Aliyeelewa ni yule yule jamaa wa dawati la mbele.

Kisha zoezi, na kila swali ulilokosa fimbo moja. Sasa fikiria mtoto ambaye hajui kujumlisha sehemu, amepewa maswali kumi ambayo yote ndani yana sehemu, unamchapa kumi halafu unatarajia kesho aje anajua? Atakuja amejifunza kukopi kwa jirani, ndo nilichojifunza mimi, na nilikuwa mtaalamu. Siku moja aliniita mbele, nikaandika nusu jumlisha theluthi sawasawa na mbili ya tano. Juu kwa juu, chini kwa chini. Hakuniuliza nimeipataje. Akawageukia wenzangu akasema hiki ni kichwa cha kufugia nywele, darasa likaangua kicheko, na lile jina likaniganda mpaka namaliza shule, kuna watu mpaka leo tukikutana stendi wananiita Nywele. Nacheka nao. Ila nimekumbuka kila kitu, mpaka shati alilovaa.

Form four 2017 nikapata F ya hesabu, wala haikumshangaza mtu.

Kilichonibadilisha ni mama mmoja jirani yetu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ana kiduka. Nilienda kununua sukari nikamwamkia, akaniuliza unafanya nini siku hizi, nikamwambia nataka kurisiti hesabu, yaani kurudia mtihani, lakini sijui kama nitaweza, mwalimu. Hakunipa moyo wala nini. Aliingia ndani akatoka na mtihani wa darasa la tano, akasema kaa hapo kwenye kreti ufanye. Darasa la tano! Mimi nina ndevu. Wateja wanapita wananiona. Nikafanya, akasahihisha kwa kalamu nyekundu, akaniambia, "mwanangu wewe hesabu hujaishindwa, uliishia kwenye sehemu, huko mbele kote ulikuwa unasindikiza wenzio tu."

Akaanza na kugawanya. Akaniuliza tatu gawanya kwa nusu ni ngapi, nikajibu kwa haraka moja na nusu. Akasema haya fanya kwa kanuni, nikageuza ile ya pili nikazidisha, ikaja sita. Akauliza kwa nini umegeuza? Nikamwambia ndo kanuni. Kwa nini? Sijui mwalimu. Akashika mfuko wa sukari, akasema hapa kuna kilo tatu, nataka kupima nusu nusu, nitapata mifuko mingapi? Sita. Basi ndo umegawanya kwa nusu. Jamani. Miaka yote ile nimegeuza sehemu kama kichaa, hakuna siku niliyojua kwamba kugawanya kwa nusu maana yake ni kuuliza ziko nusu ngapi humo ndani. Nilikaa kwenye lile kreti nikaona kama nimeibiwa kitu muda mrefu na mwizi nilikuwa namwamkia kila asubuhi.

Ikafuata algebra. Sisi tulifundishwa ikivuka upande wa pili inabadilika alama, kwisha. Kwa hiyo x jumlisha 5 sawasawa na 12 napata, lakini 2x sawasawa na 10 naandika x sawasawa na 10 toa 2, nane, kwa sababu si imevuka, si lazima ibadilike? Yule mama akasema futa hilo neno kuvuka kichwani kwako, hakuna kinachovuka, unafanya kitu kimoja pande zote mbili, ukitoa tano huku na huku unatoa tano, ukigawa kwa mbili huku na kule gawa kwa mbili. Nikairudia mpaka mkono ukauma. Alikuwa anafundisha kwa kiswahili kwanza, nikishaelewa ndo ananiambia sasa kwa kiingereza wanaita hivi, andika. Naamini nusu ya wanaofeli hawajafeli hesabu, wamefeli kujua swali linataka nini.

Miezi ya katikati siisimulii, ni maswali na taa ya sola na kulala umeinamia daftari. Nikarisiti nikapata C. Kuna watu wanaona C ndogo, sawa, ila mimi nilitoka kwenye jina la Nywele, na hiyo C ndo iliyonifungulia diploma ya uhasibu, leo nipo ofisini na naandaa hesabu za watu ambao baadhi walinicheka darasani. Siringi. Naringa kidogo.

Sasa ushauri. Mdogo wangu, acha kwanza vitabu vya form three. Tafuta mitihani ya darasa la tano, la sita, la saba, fanya peke yako bila mtu kukuangalia, ule mtihani unaoanza kukusumbua ndo ulipoishia, anzia hapo hapo. Utaona aibu. Vumilia hiyo aibu, ni ya wiki mbili tatu, F ni ya kudumu. Wengi mnakimbilia twisheni ya topiki ngumu, the earth as a sphere, matrices, linear programming, wakati desimali zinakushinda. Rudi chini. Nasema tena rudi chini, kwa sababu najua utasoma hapa halafu utaenda kulipia twisheni ya matrices.

Pili, mtihani wenyewe usiuogope kwa ujumla jumla, uangalie umekaaje. Ule tuliofanya sisi section A ilikuwa maswali kumi ya alama sita sita, jumla 60, na kwa sehemu kubwa ni vitu vya form one na two, namba, logarithms, ratio, sets, Pythagoras. C inaanzia 45. Piga hesabu mwenyewe, hata zile vekta za form four zikikukataa kabisa bado unaweza kutoka hai. Na andika njia, usiandike jibu likiwa uchi, msahihishaji anatoa alama za hatua, ukikosea mwisho bado kuna kitu umeokota. Sisi wa enzi za kusiliba hilo lilitutesa sana, tulizoea kwamba jibu ndo kila kitu.

Ukimpata mtu wa kukufundisha, mpime kwa swali moja tu, muulize kwa nini. Akikasirika, mshukuru uondoke. Akifurahi kuulizwa, mng'ang'anie huyo hata kama anafundisha msingi, tena hasa kama anafundisha msingi.

Na nyie walimu, nawaheshimu, najua mna vipindi vingi na watoto wamejaa mpaka madirishani na mshahara tunaujua, ila fimbo kwa mtoto asiyejua sehemu haijawahi kumfundisha sehemu. Muulize umeipataje hii. Dakika moja. Ile mbili ya tano yangu ilikuwa na sababu ndani yake, mtu angeuliza angeiona. Wazazi nanyi, mtoto akileta F mnasema hata mimi baba yako hesabu zilinishinda, mnadhani mnamfariji, kumbe mnampa ruhusa. Halafu serikali na wakubwa wa elimu, ajira za walimu wa hesabu ziongezwe basi, haiwezekani shule nzima inamtegemea mtu mmoja, akiugua hesabu nayo inaugua, na huyo mmoja tumempa pia usimamizi wa bweni na michezo.

Nimetoka nje ya mada, ila inauma.

Kwa hiyo binti, jibu la swali lako la ukazane na masomo yapi: hesabu iwemo. Mwalimu wa taaluma usibishane naye, itikia ndiyo mwalimu, halafu jioni fungua daftari lako. Una muda, bado hata hujaingia form four. Na wale mlioshamaliza mna F kama yangu, usajili wa watahiniwa wa kujitegemea huwa unafunguliwa mwanzoni mwa mwaka, ukichelewa unalipa na faini juu, kwa hiyo ada itengeni mapema, na mkienda kituoni bebeni namba zenu za mtihani za zamani maana wataziuliza.